Televisheni Niliyoinunua Bofa

Haya yamenikuta mimi. Sikuhadithiwa, sikuota, wala sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize, maana mume aliyemo katika kisa hiki ni wangu na mpaka leo naishi naye.

Miaka ile ya themanini televisheni zilikuwa chache hapa Malindi. Mume wangu, Bakari, alikuwa na duka la vitambaa na wake wawili: mimi mkubwa, huku mtaa wa Shela, na Mwanaisha, aliyemuoa baadaye akamweka mtaa wa Barani. Siku alitugawia sawa, mbili kwangu, mbili kwake, kama dini itakavyo. Hapo sikuwa na neno. Wivu ninao, sikatai, na mwanamke asiye na wivu mimi bado sijamwona, lakini nilikuwa nikiumeza.

Sasa, Mwanaisha alikuwa na televisheni aliyoletewa na kaka yake. Na ndugu yake Bakari aliyekuwa akifanya kazi Uarabuni akaja likizo na kisanduku cha mchezo. Unakiunganisha na televisheni, kioo kinakuwa cheusi, vinatokea vijiti viwili vyeupe na kijipira, kila mtu anazungusha kitufe chake kuurudisha mpira kwa mwenziwe. Basi! Hilo tu! Mtu mzima na ndevu zake akapata wazimu. Zamu yangu ikifika ananitumia salamu, "Mwambieni naja sasa hivi." Sasa hivi gani? Wali unapoa, mchuzi unaganda, nami nimejifukiza udi nimekaa peke yangu, na kule Barani wanachekeana, "Nimekushinda! Nimekushinda!" Kicheko kile nilikisikia kwa masikio yangu, maana nilipita makusudi chini ya dirisha lao. Moyo uliniwaka moto, shoga, nikufiche nini?

Nikasema haidhuru, dawa ya moto ni moto. Kisanduku kinabebeka kwapani. Nikiwa na televisheni yangu, siku zangu atakuja nacho kwangu.

Rafiki yangu Kadzo alikuwa akifua nguo katika hoteli moja ya Bofa, kule Kilifi. Yeye ndiye aliyeniletea habari kwamba pana nyumba ufuoni wazungu wamehama, na bibi mmoja anauza vyombo. Nikavua kidani changu cha dhahabu, nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikapanda basi. Kadzo akanipokea tukaenda pamoja. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosi, saa ambayo wazee hutukataza kuzurura kwenye majumba matupu. Lakini siku ile nani angenikataza?

Bibi mwenyewe alitufungulia mlango. Mzuri, mashaallah, mzuri wa kuudhi. Kavaa buibui la hariri, mikononi hina mbichi.

"Karibuni," akasema. "Nani kati yenu mwenye mume apendaye kutazama?"

Swali gani hilo la kumuuliza mgeni? Nikalimeza, nikasema ni mimi.

Televisheni ilikuwa kubwa, mbao zake zinang'aa. Ila kwenye kioo, upande wa kulia, palikuwa na doa jeusi, refu, kutoka juu hadi chini. Akaiwasha. Picha safi, na doa lipo palepale.

"Sikufichi, kioo kina ila," akasema. "Mpira ukifika hapa hautaonekana. Kama huna haraka, subiri. Mwezi ujao utapata nyengine isiyo na doa."

Niamini, mimi sikuwa nimemtajia mpira.

Akaizima. Hapo Kadzo akanibinya mkono. "Dada, tazama kioo."

Unajua televisheni ikizimwa unajiona ndani yake. Nilijiona mimi, nikamwona Kadzo, nikaliona dirisha na pazia lake. Yule bibi alikuwa amesimama kuliani kwangu, bega kwa bega, nasikia mpaka harufu ya asumini yake. Lakini ndani ya kioo, upande ule, hapakuwa na mtu. Palikuwa na doa. Akaondoka akaenda kushoto kulivuta pazia. Na doa nalo likaenda kushoto.

"Dada, twende zetu," Kadzo akaninong'oneza. "Kitu kimekuonyesha ubovu wake chenyewe. Wataka uambiwe na nani tena?"

"Kioo kimechakaa tu," nikamwambia. "Wewe mwoga."

Nililiona, sitakwambia sikuliona. Lakini kusubiri mwezi! Mwezi mzima zamu zangu zichezewe Barani, na yule mtoto wa kike anamcheka mume wangu usoni? Kungoja huko nilikuona kubaya kuliko doa. Nikalifungua pindo la kanga. Bibi akakipokea kidani changu, akakivaa palepale shingoni, na akatusindikiza hadi langoni kwa adabu zote.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu. Bakari, aliposikia, alikuja kabla ya alasiri, kisanduku kwapani. Nikapika pilau. Nikaketi ubavuni pake nikingoja alilalamikie doa.

"Doa gani?" akaniuliza.

Mpira ulikuwa ukipita kwenye upande wake na yeye hazungushi kitufe. Anatabasamu. Kisha akauliza polepole, "Mwanamke huyu ni nani?"

Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Mimi naona doa tu. Ila katikati ya doa, palipostahili kuwa na shingo, palikuwa na kitu kinachometa, na kidani changu siwezi kukisahau.

Siku za Mwanaisha zikafika, Bakari hakwenda Barani. Nilifurahi! Usinione mbaya, nilifurahi mpaka nikapiga kigelegele jikoni peke yangu. Zikapita hizo, zikaja nyengine, hakwenda. Lakini pilau halili. Naingia, natoka, nimevaa, nimejipamba, hageuzi shingo. Nikaung'oa waya ukutani. Akaendelea kukaa vilevile mbele ya kioo kilichozimwa, anazungumza taratibu kama watu walio fungateni. Wivu niliomwonea Mwanaisha ulikuwa mchezo, shoga. Huu ulinila nyama.

Nikarudi Bofa na Kadzo niirudishe. Tukamkuta mtunza bustani anafagia majani.

"Yule bibi?" akasema. "Ameshahama, mama. Aliniaga vizuri tu. Alisema ameolewa Malindi."

Nilirudi nyumbani nikachukua mchi, nikakivunja kile kioo vipande vipande. Bakari akalia kama aliyefiwa na mama. Masheikh wakasoma, wakafukiza, tukavitupa vipande mbali na mji. Haikusaidia kitu. Yeye huketi palepale, ameuelekea ukuta, na duka sasa naliendesha mimi.

Nawe unisikilizaye, ukienda kununua kitu ukakiona kina ila, usiache wivu ukusemee. Rudi nyumbani ukanuniwe, ukachekwe, lakini usubiri. Kawia ufike, walisema waliotutangulia.

Mwanaisha huja kwangu siku hizi, tunampikia pamoja. Sina tena nguvu za kumchukia. Ijumaa iliyopita tulimpelekea uji, mimi nimeshika bakuli, yeye ameshika maji ya kunawa. Bakari akageuka, akatutazama sote wawili kwa upole, kama zamani. Nikadhani amepona.

"Nendeni mkapumzike," akasema. "Leo si zamu yenu."