Mwalimu Asiyejua Kusindikiza

Sisi tuliolelewa Landless, pale Thika, tulijua saa kwa pua. Asubuhi upepo ulileta harufu ya viwanda, adhuhuri githeri kutoka kila jiko, na jioni vumbi la watoto waliocheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, mpaka mpira wenyewe wa makaratasi ukafumuka. Ukiniuliza siku hizo zilikuwa na urefu gani, nitakwambia hazikuwa na mwisho.

Ndipo akaja Mwalimu Fiona kutoka Skotlandi, kutufundisha Kiingereza darasa la sita. Alipanga chumba ploti ya pili kutoka kwetu. Tulimtazama akijifunza mji polepole: anaanika nguo, mvua inazinyeshea, ananunua nanasi zima na kusimama nalo barabarani kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Nilimpenda sana. Alitusomea hadithi kwa sauti ya chini, nasi watoto hamsini tukanyamaza tuli.

Mama yangu, ambaye hakungoja kualikwa, alimpelekea sahani ya mukimo. Walikunywa chai, wakacheka. Mama alipoinuka kuondoka, mwalimu alimuaga mlangoni kwa tabasamu, akafunga. Kwetu mgeni husindikizwa, angalau hadi kwenye kona, na maneno matamu yote huhifadhiwa hadi hapo. Mama alirudi amevimba.

"Amenifungia mlango ni kama nilienda kuomba chumvi," akasema. "Huko sirudi."

Na mama asiporudi, jirani gani atathubutu? Wiki tatu hakuna aliyebisha kwa mwalimu. Darasani sauti yake ikafifia. Siku moja nilimpelekea madaftari ya kusahihisha, nikakuta sanduku lake limefunguliwa kitandani, nusu ya nguo zimeshapangwa. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, amewakosea nini watu. Mtoto wa miaka kumi na miwili kumfundisha mwalimu ilikuwa utovu wa adabu, lakini niliogopa zaidi kumpoteza.

"Mwalimu, kwetu ukifunga mlango kabla mtu afike kona, anajua umechoka naye."

Jumapili baada ya kanisa akaja kwetu. Hakueleza kitu, alikunywa chai tu. Alipoaga, mama akamsindikiza hadi kwake, kwa ubishi, ili aone watu hufanyaje. Mwalimu akageuka, akamsindikiza mama mpaka kwetu. Mama akacheka, akamrudisha. Sijui walienda mara ngapi. Tuliacha kucheza, tukaketi ukutani kuwatazama, jua likishuka, na mara ya mwisho walikuwa wameshikana mikono. Mwalimu alikaa miaka minne.

Siku hizi naishi Ruiru, ghorofa ya tano. Wageni wangu huita teksi kwa simu wakiwa bado wanatafuna, na binti yangu huwaaga bila kuinua macho: "Poa, tutachati." Mimi ninayemcheka ndiye mvivu wa ngazi. Mwezi uliopita mama alinitembelea. Nilimuaga mlangoni, nikafunga, nikarudi kwa sufuria zangu. Baada ya kitambo nikachungulia dirishani. Alikuwa amesimama langoni na mkoba wake, akitazama ngazi.

Nilishuka mbio, miguu mitupu, nimejaa aibu.

"Nilijua tu unatafuta viatu," akasema, akanishika mkono.