Majina Kumi Kabla ya Ijumaa

Watu hudhani kazi ya kuchomelea vyuma inachosha. Wangoje wapangiwe kuwapokea walimu washauri, ndipo watajua kuchoka ni nini. Miaka ishirini na mbili cheche zimenitoboa ovaroli na kuniunguza mikono, wanafunzi wakaniita Mwalimu Cheche mpaka mke wangu naye akazoea, na sijalalamika. Lakini kila mwaka kuna siku moja chuo chetu kinaalika walimu washauri wa sekondari, waje waone tunafundisha nini ili wakawaelekeze wanafunzi wao. Siku hiyo hurudi nyumbani sitaki hata kusalimiwa.

Mwaka huu ilizidi. Jumatatu mkuu wa chuo aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu, kozi yako ina waombaji wanne. Nipe majina kumi kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Usipofikisha, karakana tunaigeuza chumba cha kompyuta."

Yaani sita zaidi, na hao sita wangetoka kwa walimu washauri, hakuna kwingine. Nyumbani nililalama usiku kucha, mke wangu akahamia kitanda cha wageni. Siku mbili nikafagia karakana, nikapaka meza rangi, nikapanga vitu vya kuonyesha: kiti, geti dogo, na bomba lililoungwa vizuri hata ukipitisha kidole husikii kiungo. Mashine zote nne nikazijaribu, zote nzima.

Alhamisi asubuhi, wageni hawajafika, mkuu akaja tena.

"Leo usiwashe mashine. Ukiwasha, umeme wa ukumbini unakatika, na mimi nina projekta kule."

"Sasa niwaonyeshe nini, mkuu?"

"Waelezee."

"Kuchomelea? Kwa mdomo?"

"Picha zipo kwenye kijitabu," akasema, akaondoka na viatu vyake vinavyolia kwichi kwichi. Lo! Nimesimama katikati ya mashine nne, naambiwa niwaonyeshe watu picha ya mashine.

Wageni walikuwa thelathini. Walihutubiwa tangu saa tatu, wakapigwa picha, wakala, wakashiba. Karakana yangu ilikuwa ya mwisho kwenye ratiba, dakika kumi baada ya chakula. Waliingia wakitazama saa. Mmoja alikusanya sketi yake isiguse meza, na rangi ilishakauka tangu juzi! Nikameza mate, nikaeleza. Nikawatajia vijana wangu wanaojenga madaraja, na waliofungua karakana zao wenyewe. Nikagawa fomu, yenye nafasi ya jina la mwombaji na sahihi ya mshauri au mzazi. Watatu walijaza palepale, Mungu awabariki. Wengine wote walinijibu neno moja kana kwamba walikubaliana ukumbini: "Nitafikiria, mwalimu."

Kisha kijana mmoja mwenye tai akauliza, tena kwa upole, "Ninyi huwa mnachukua waliofeli, si ndiyo? Maana mimi ninao wengi."

Jamani! Nilijizuia, nikashindwa.

"Tunachukua wenye akili," nikamwambia. "Chuma hakibembelezwi. Ukikosea pembe, geti halifungi. Ninyi ndio mnaowaambia watoto kwamba huku ni jalalani. Na wenu wa kuwazaa mnawapeleka wapi? Wenu hawagusi vyuma, huku mnaleta wa wenzenu. Mkuki kwa nguruwe!"

Mkuu, aliyekuwa mlangoni, akaanza kukohoa kikohozi cha uongo na kuwakumbusha wageni kwamba magari yanasubiri. Wakatoka. Fomu zangu nyingine nikaziokota sakafuni.

Alibaki mama mmoja wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Nilidhani amebaki kunisema.

"Hunikumbuki, mwalimu."

"Samahani mama, sikukumbuki."

"Miaka mitano iliyopita ulikuja ofisini kwangu na ovaroli hiyohiyo. Binti yako alikuwa ameandika kwenye fomu chaguo lake la kwanza, kuchomelea vyuma. Ukaniomba kalamu, ukakata, ukaandika biashara. Nilikusihi sana. Ukaniambia, 'Mama, nafanya kazi pale chuoni, napajua. Kule tunapokea waliofeli. Wangu hajafeli.'"

Nilitaka kukana. Kisha nikakumbuka kwamba kalamu ile ilikuwa nyekundu. Nikamkumbuka na binti yangu, amesimama pembeni ya meza. Mtoto aliyekuwa akija karakana kila likizo kunishikia vyuma, na ngao ya uso inamfika kifuani. Aibu niliyoisikia sijui niieleze vipi.

"Yuko wapi siku hizi?" mama akauliza.

"Nyumbani. Alimaliza stashahada yake ya biashara. Anatafuta kazi, mwaka wa pili sasa."

Hakunicheka wala hakunikaripia. Afadhali angenitukana. Alitoa kalamu, akajaza fomu mbili juu ya meza yangu.

"Wasichana wote wawili," akasema. "Na safari hii baba zao wakija, kalamu naificha."

Nikahesabu njia nzima hadi nyumbani, ingawa hesabu yenyewe ni ya mtoto wa chekechea. Wanne, watatu, wawili. Tisa.

Binti yangu alikuwa mezani, anaandika barua nyingine ya kuomba kazi.

"Shikamoo baba. Wageni walikuja?"

"Marahaba, mama. Walikuja." Nikaweka fomu mbele yake kabla sijavua viatu.

Aliisoma taratibu, juu mpaka chini. "Hii ya nani?"

"Yako. Ukitaka."

"Wamepungua wangapi?"

Mtoto huyu! Kelele zangu za tangu Jumatatu zote alikuwa amezisikia.

"Mmoja," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Sasa baba, unanitaka mimi, au unataka jina la kumi?"

Nilipaswa kujibu papo hapo. Mdomo uliowasuta watu thelathini mchana ulikaa wazi, hautoi kitu. Kwa sababu ukweli ni kwamba, asingepungua mtu, ile fomu ningeileta? Hata mimi sijui, na nimejiuliza tangu hapo.

Nikavuta kiti. Nikachukua kalamu yake, nikatia sahihi kwenye sehemu ya mzazi, nafasi ya jina nikaiacha tupu.

"Nilikosea, mama," nikasema. "Siku ile pale ofisini. Ulikuwa unajua unachotaka, nikakukatia."

Aliitazama ile sahihi. Akaikunja fomu mara mbili, akaichomeka chini ya barua zake, akashika tena kalamu.

"Nitafikiria, baba," akasema.