Hukumu ya Zuwena juu ya Sinema ya Kuchorwa

Harufu ya karafuu mbichi, kabla haijaanikwa, ni kali na ya majimaji. Ikikushika mikononi, sabuni haiiondoi. Kwa harufu hiyo naukumbuka msimu mmoja wa mwanzoni mwa miaka ya sitini, nyumbani kwetu Tibirinzi, sinema ya Chake Chake ilipowaonyesha wanawake, nyakati za alasiri, hadithi ya kale iliyochorwa yote kwa mkono: binti mfalme anavuka bahari kumtafuta kaka yake aliyetekwa na maharamia. Dada yangu Zuwena alikuwa amevunja ungo na kuwekwa ndani. Tangu Ramadhani hakuvuka kizingiti. Aliomba jambo moja tu, kuiona sinema hiyo. Baba hakukataa wala hakukubali. Alimtuma kwanza dada yake, shangazi Bi Salama, akaikague, nami nikafuatana naye. Onyesho la mwisho lilikuwa kesho yake.

Tuliporudi tuliwakuta wanawake ukumbini wakichambua karafuu, wakizitenga na makonyo, vijiti vyake. Majirani waliotangulia kuiona walikuwa wamekwisha kuihukumu, na kwa kuwa sinema ilisema lugha ya kigeni, kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Bi Raya, wa nyumba ya pili, alishikilia kwamba kuchora watu wenye nyuso ni dhambi.

“Atakayeulizwa roho zao siku ya Kiyama ni mchoraji,” shangazi alimjibu. “Mie nilikaa kitini tu.”

Walicheka wote ila Zuwena. Baba alikuwa barazani, nyuma ya pazia la mlango, akivuta tasbihi. Mlio wa punje ulikatika.

“Salama,” aliita, “binti huyo aliondoka kwa idhini ya nani?”

Mikono yote ilisimama. Mimi nilijua, na shangazi alijua: binti mfalme aliikata kamba ya nanga alfajiri, babake akiwa amelala. Tena shangazi hakuwa mtu wa kusema uongo. Zuwena alilijua hilo kuliko sote. Alikuwa akikiminya kikonyo kimoja kwa kucha mpaka kikatoa maji.

“Hakupewa idhini, kaka,” shangazi alisema. “Lakini mwisho alirudi. Alimpigia babake magoti, na lango la ngome likafungwa.”

Punje za tasbihi zilianza kulia tena.

“Alirudi,” Baba alisema. “Basi kesho mpeleke. Na buibui lishuke mpaka chini.”

Asiyekuwapo na lake halipo. Zuwena alikuwapo, na bado lake lilisemwa na wengine. Kesho yake jioni alirudi, akaketi palepale kwenye jamvi, akavuta kichala cha karafuu.

“Haya, mwana wa kwetu,” Bi Raya alimwuliza, “umeionaje?”

“Ilikuwa nzuri,” Zuwena alisema, “mpaka aliporudi.”

Nyuma ya pazia tasbihi ilinyamaza tena. Kisha Baba akakohoa, akavaa viatu, akaenda msikitini kabla ya adhana.

Ukubwani nilijifundisha mwenyewe kusoma makala za wahakiki magazetini. Hueleza michoro, muziki, na kama filamu inawafaa watoto na wazazi. Mimi huzisoma kwa makini, na nyingi huzisahau. Binti zangu hutazama katuni sebuleni, mlango ukiwa wazi, bila kutuma mtu kuzikagua. Zinapokwisha mimi huwauliza wamezionaje. “Nzuri,” hujibu, nami hubaki nikisubiri wamalizie.