Seng'enge ya Oom Floors

Ukitaka kumfukuza Floors Beukes dukani siku hizi, mtajie nyota. Ataacha hata chenji. Na huyu ndiye mtu ambaye zamani, katika mji wetu huu wa nyika kame ya Karoo, hukuweza kununua kibiriti bila kwanza kusomeshwa anga naye.

Alikuwa na sababu ya kuringa. Malisho ya kondoo wake yako karibu na yale masahani makubwa meupe ya kusikilizia nyota, yaliyopangwa nyikani kama vyombo vya arusi ya majitu. Halafu Rozelda, binti aliyesomea nyota huko Cape Town na kurudi na kompyuta begani kufanya kazi kwenye masahani hayo, ni mtoto wake wa ubatizo. Floors ndiye aliyemshika mbele ya mchungaji. Huku kwetu, mtu akishakushika pale, neno lake haliulizwi mara mbili. Kumuuliza tena ni kama kutema mate kanisani.

Basi alikuwa akiegemea kaunta na kutoa somo. Darubini ziko za aina mbili, anasema. Kuna ya angani, imerushwa juu kabisa kuikwepa hewa yetu hii yenye mawingu na vumbi inayouchafua mwanga. Hiyo ni jicho, na jicho kali. Ila ikilegea skrubu huko juu, nani atakwenda na bisibisi? Halafu kuna hizi zetu za chini, ambazo ni masikio. Zinanasa redio inayotoka kwenye nyota, na redio hupenya hewa bila taabu, mchana kweupe, hata mawingu yakitanda. Unazijenga kubwa utakavyo, unazipanda na spana. Ugonjwa wao ni mmoja tu: zinasikia kila kitu, kuanzia simu na maikrowevu hadi trekta bovu.

"Basi zinakusikia na wewe, Floors," Apools, mwenye duka, akamwambia. "Maskini wale wataalamu."

Watu walicheka, na Floors akacheka kuliko wote.

Majira ya kondoo kuzaa, Rozelda alikuja nyumbani na jambo zito. Kulikuwa na nyota moja ndogo, nyekundu, yenye tabia ya kulipuka ghafla. Darubini ya angani ilikuwa imekubali kuitazama alasiri moja, na masahani yetu yaisikilize saa hizo hizo. Nafasi ya namna hiyo inagombewa na dunia nzima. Kwa hiyo kila seng'enge ya umeme ya kuzuia bweha iliyo karibu, ambayo mipigo yake ni kelele kwa masikio yale, ilipaswa kuzimwa, na kwenye mashamba mengine maofisa walipita na chombo cha kupimia kuhakikisha. Kwa Floors hakuja ofisa. Alikuja Rozelda mwenyewe, akakaa jikoni, akauliza mara moja, akimwita Oom, yaani mjomba, kama vijana wote wa huku.

"Oom, utazima?"

"Nimeshazima, mwanangu. Kunywa kahawa."

Na kweli alikuwa amezima. Hilo lazima tumpe.

Alasiri yenyewe ilipofika, alikwenda malishoni akakuta mwanakondoo amepasuliwa tumbo, bado wa moto. Bweha alikuwa ameketi juu ya mawe ng'ambo ya waya, anamtazama Floors, hata kukimbia hakuona haja. Majike walikuwa wametawanyika bondeni na vichanga ambao hawajajua kusimama. Floors akasimama mbele ya mashine ya seng'enge, akajipigia hesabu ya mtu anayejifanya amesoma. Jicho liko juu huko, akajiambia, linaona kila kitu. Sikio likizibwa kidogo, litapungukiwa nini?

Akawasha. Akaanza kuwakusanya kondoo, na muda wote huo mashine ikapiga tik, tik, na pale kichaka kilipougusa waya zikaruka cheche. Lango la zizi lilipofungwa, akazima. Jioni akamsimulia mkewe, Katriena, habari za mwanakondoo tu.

Jumapili baada ya ibada, Rozelda akaja kula. Katriena alikuwa amechoma paja la kondoo na kupika maboga ya mdalasini, lakini binti hakushika uma. Alikuwa anang'aa. Nyota ililipuka, akasema. Jicho la juu liliona, na wakati huohuo masikio ya chini yalisikia kitu ambacho hakuna aliyewahi kukisikia kwenye nyota ya aina ile. Mwanzoni alidhani ni kelele za watu, akayachuja mashamba yote moja moja. Yaliyopimwa yalikuwa safi. La baba yake wa ubatizo alilifuta kwenye orodha la kwanza kabisa, bila kulipima. Kesho angewaeleza wakubwa wake. Akachukua kijiko, akagonga kikombe ili wasikie nyota inavyosema: tik, tik, tik.

Hakuna kondoo Karoo nzima asiyeujua mlio huo.

Katriena akamuuliza mumewe mbona hali. Akasema ni jino. Akafikiria kunyamaza. Binti ana furaha, nani atajua? Kisha akamwona kichwani mwake, kesho, amesimama mbele ya wasomi anagonga kikombe, na nyuma kule mtoto mmoja wa mkulima anaanza kucheka.

Rozelda alipotoka nje kibarazani, Floors akamfuata.

"Ile nyota yako ni mimi."

Binti akacheka. "Oom bwana. Tumbo kubwa unalo, lakini si kiasi hicho."

"Seng'enge, Rozelda. Niliiwasha."

Kicheko kikaisha taratibu, kama maji yanavyoishia mchangani. Akauliza saa ngapi. Floors hakuwa na saa. Akamwambia kivuli cha kinu cha upepo kilikuwa kimefika wapi alipowasha, na kilikuwa wapi alipofunga zizi. Rozelda akahesabu midomo ikicheza. Mlipuko wote ulikuwa humo ndani. Tiktik zingeweza kukatwa, akaeleza, lakini zile cheche zilikuwa zimefunika kila kitu kilichokuwa chini yake.

"Si jicho liliona?" Floors akauliza kwa sauti ndogo.

"Liliona moto umewaka. Sikio ndilo lingeniambia kama ulitoka nje ya nyumba, ukaziunguza dunia zinazoizunguka nyota. Hilo jicho halijui."

"Basi tuombe tena."

"Ile ya juu haigeuzwi kama punda, Oom."

Rozelda akasema atawaeleza wakubwa wake kwamba ilikuwa seng'enge ya jirani fulani. Hawatauliza ya nani.

"Sema ya Beukes."

"Mji mzima utajua."

"Sema."

Akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyerudi kutoka mbali. "Oom, ulisahau au ulijua?"

Mlango wa kusahau ulikuwa wazi kabisa, binti ameushikilia kwa mkono wake mwenyewe.

"Nilijua ni kosa," Floors akasema. "Nilidhani ni dogo."

Rozelda akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani kuwapigia simu wakubwa wake. Floors akabaki kibarazani, kofia mkononi, akimsikia kupitia dirishani. Alieleza vizuri, kwa sauti ya kazini, saa na dakika na cheche. Wakamuuliza kitu. Akasema shamba la Beukes. Wakauliza kingine, pengine ilikuwaje shamba hilo halikupimwa.

"Ni baba yangu wa ubatizo," akasema, na hapo ndipo sauti ilipomkatika.