Koti la Nyuzi Hasi Ishirini na Tano

Wanafunzi wa darasa la saba walimpa jina la Madamu Friza wiki ile ile aliyoripoti, na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Waliuliza alikuwa wapi kabla ya kuja kwao, naye badala ya kutaja chuo akataja ghala la baridi. Miaka kumi na mmoja alipanga maboksi ya samaki na nyama katika vyumba ambamo pumzi yako unaiona, kope zinashikana, na kalamu ya wino inakataa kuandika. Baada ya hapo hakuna mtoto aliyetaka kusikia habari za chuo.

Chuo alikwenda, tusimnyime haki yake. Alisoma jioni baada ya zamu, vidole vikiwa bado na ganzi, miaka minne mfululizo, na kila aliporudi nyumbani mama yake alimwambia, "Mwanangu, hata wanaosoma hula." Basi akawa anakula huku kitabu kimeegemezwa kwenye jagi la maji. Alifaulu akiwa na miaka thelathini na minane. Shule ikampokea, ila kwa majaribio ya muhula mmoja.

Muhula ulipokaribia kwisha akaambiwa kwamba Jumatano mkuu wa taaluma ataketi nyuma ya darasa lake kwa kipindi kimoja, na fomu mkononi. Mkuu wa taaluma alikuwa mama mmoja mrefu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka akiwa kazini. Kipindi hicho kimoja ndicho kingeamua. Akipita, anaajiriwa moja kwa moja. Asipopita, anarudi ghalani, ambako msimamizi wake wa zamani alikuwa amemtunzia nafasi mpaka Ijumaa, si zaidi.

Aliponyanyua ratiba kuangalia mada ya siku hiyo, alicheka peke yake chumba cha walimu hadi mwalimu wa jiografia akamgeukia. Ilikuwa kulinganisha namba chanya na namba hasi. Wenzake wamezisoma namba hasi vitabuni. Yeye amezivalia soksi tatu tatu. Alifurahi mno, akajiona kama mtu aliyeulizwa kwenye mtihani jina la mama yake mzazi.

Siku ya Jumanne alipitia ghalani kuazima koti. Lilikuwa koti la buluu la chumba cha ndani kabisa, zito, kola yake ya manyoya imechakaa upande wa kushoto pale alipokuwa akiegemezea maboksi. Msimamizi alilitoa kwenye ndoano akampa.

"Ukipita, nirudishie limekunjwa," akamwambia. "Usipopita, Ijumaa uje umelivaa."

"Nitalikunja vizuri," akasema.

"Mimi sikuombei mabaya, dada. Ila chumba cha ndani tangu uondoke hakijapata mtu wa maana."

Jumatano ikafika. Mkuu wa taaluma aliingia, akasalimiwa, akaketi dawati la nyuma na magoti yake yakagoma kuingia chini ya meza, akakaa upande. Madamu Friza akatundika koti kwenye msumari wa ramani. Darasa zima likawa macho kodo. Hata yule aliyeitwa Bingwa, mwenye desturi ya kujibu swali kabla halijaulizwa, aliinuka nusu kitini kulitazama.

"Hili," Madamu akasema, "ni koti la nyuzi hasi ishirini na tano."

Akawasimulia ghala. Chumba cha kupokelea mizigo, nyuzi nne. Kinachofuata, hasi tano. Kinachofuata tena, hasi kumi na nane. Na kile cha ndani, hasi ishirini na tano, ambako ukipiga chafya inatoka na theluji. Hapo kwenye theluji alitia chumvi, lakini watoto walikuwa wameshaingia mzima mzima. Huku akisimulia, mkono ukashika chaki, ukachora mstari mrefu wa wima, ukaanza kujaza namba kutoka juu kuja chini. Aliandika haraka, bila kufikiri, jinsi mtu anavyofunga kamba za viatu.

"Na huku nje leo ni nyuzi ishirini na tisa. Nani aje aiweke mahali pake?"

Bingwa alikuwa ameshafika ubaoni. Akautazama mstari, akaufuata kwa kidole kutoka juu: hasi ishirini na tano, hasi kumi na nane, hasi tano, sifuri, nne. Ubao ukaishia hapo. Akapiga magoti, akaandika 29 ukutani, karibu na sakafu. Darasa likaangua kicheko, na Madamu akacheka pia. Alidhani ubao ni mfupi tu.

"Haya. Kati ya hasi ishirini na tano na hasi tano, ipi kubwa?"

"Hasi ishirini na tano," wakajibu kwa sauti moja.

Kosa hilo alilitarajia. Watoto wote huanzia hapo, huona ishirini na tano wakasahau alama iliyo mbele yake. Akamgeukia msichana wa dirishani, ambaye kwa kawaida husema mara moja kwa wiki, akamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu iko juu, mwalimu," msichana akasema taratibu. "Umeiweka wewe."

Madamu Friza akageuka kuutazama ubao wake. Mstari ulikuwa kichwa chini. Baridi kali kuliko zote ilikuwa imekaa kileleni, na joto la nje lilikuwa sakafuni na vumbi la chaki. Na alijua lilikotoka kosa hilo, tena kwa uhakika kabisa, maana lilikuwa mwandiko wa mkono wake wa miaka kumi na mmoja. Mlangoni mwa ghala kulikuwa na ubao wa watu walioingia vyumbani, na kila asubuhi aliujaza yeye. Chumba cha hasi ishirini na tano kiliandikwa juu kabisa, usawa wa macho, kwa sababu mtu akisahaulika humo ndiye wa kutafutwa kwanza. Cha nyuzi nne kiliandikwa mwisho. Aliyesahaulika humo atatoka mwenyewe akipiga mluzi.

Nyuma ya darasa kalamu ya mkuu wa taaluma ikaanza kutembea.

Sasa, kila mwalimu ana uongo mmoja mfukoni kwa siku kama hiyo: "Vizuri sana, nilikuwa nawapima." Ulimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Aliogopa, na wala hakuna sababu ya kuficha. Aliliona koti likimngoja msumarini. Kisha akawaona wale watoto thelathini na nane waliomwamini hata namba ilipoandikwa ukutani, akapiga moyo konde.

"Nimekosea," akasema. "Huu mstari ni wa ghalani, si wa hesabu." Akawaeleza habari ya ule ubao wa mlangoni na mtu anayetafutwa kwanza. Hakuna aliyecheka. Walisikiliza kwa makini kuliko walivyosikiliza kitu chochote muhula mzima, na yeye, badala ya kunywea, akahisi moto umemwingia mwilini. "Tuutengeneze. Tokeni nje, kila mtu na karatasi."

Nje ya darasa kulikuwa na baraza ndefu. Upande mmoja iliishia kwenye stoo ya vifaa vya michezo, gizagiza na ubaridi. Upande wa pili ilifungukia uwanjani kwenye jua kali. Madamu akagawa namba mbio mbio, chanya na hasi, akaweka ndoo ya maji katikati. Msichana wa dirishani akasimama kwenye ndoo. Yeye ni sifuri, pale maji yanapoanza kuganda. Bingwa alipewa hasi ishirini na tano na koti juu yake, mikono ikamfika magotini, akasukumwa hadi karibu na mlango wa stoo.

"Kila hatua kuelekea uwanjani, joto linaongezeka. Kila hatua kuelekea stoo, linapungua. Jipangeni."

Ikawa vurugu tupu. Hasi nane na hasi tatu wakagombea nafasi. Hasi kumi na mbili alikuwa amejiweka juani, akafukuzwa na wenzake watano. Madamu alikuwa akikimbia huku na huko, kilemba kimelegea, akiuliza maswali mawili kwa wakati mmoja. Mara akamsikia Bingwa kutoka ndani ya kola ya manyoya.

"Mwalimu, mimi sikubali. Nina ishirini na tano nzima. Huyu hasi nne ana nne tu. Atakuwaje mkubwa kuliko mimi?"

Kabla Madamu hajafungua mdomo, msichana wa ndoo akajibu.

"Hizo ishirini na tano ni hatua kutoka kwangu kwenda nyuma. Umezidi kwa kurudi nyuma. Njoo mpaka kwa hasi nne uone kama utapunguza koti au utaongeza."

Bingwa akatembea. Alipopita hasi kumi na nane akafungua kifungo kimoja. Kwa hasi kumi akafungua cha pili. Alipofika kwa hasi nne alikuwa amebakiza mkono mmoja ndani ya koti. Akasimama, akamtazama hasi nne, akatazama stoo alikotoka, na uso wake wote ukafunguka.

"Kumbe anayehitaji koti zito ndiye mdogo," akasema.

Baraza ikapasuka kwa kelele. Madamu Friza alihisi machozi yanamlenga, akajifanya anafunga kilemba. Hapo ndipo alipomwona mkuu wa taaluma kasimama mlangoni, fomu kwapani.

"Na mimi nipeni namba," mkuu akasema.

Wakatazamana. Msichana wa ndoo akaandika kwenye kipande cha karatasi, akampelekea: hasi thelathini. Mkuu akavaa miwani, akaisoma, akatembea kwa madaha baraza nzima, akapita kila mtu, akaenda kusimama gizani, mgongo kwenye mlango wa stoo.

"Haya. Mimi ni nani hapa?"

"Mdogo kuliko wote," darasa likaitikia kwa mkupuo.

Miaka yote aliyokaa shuleni pale hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka kifuani.

Mchana alimwita Madamu ofisini. Fomu ilikuwa mezani, na Madamu Friza akaisoma kichwa chini kabla hajaambiwa aketi. Mahali pa dosari paliandikwa: *Alichora mstari wa namba kinyume.*

"Hilo nimeliandika kwa sababu umelifanya," mkuu akasema. "Sahihi yangu iko chini. Soma na chini."

Akasoma. Aajiriwe. Akarudia kulisoma neno hilo, na akili ikakataa kwenda kwenye neno lingine.

"Jumatatu utaanza na mkondo wa pili wa darasa la saba, mada ile ile," mkuu akaendelea. "Wote wanafanya kosa lile la Bingwa. Uende na koti."

"Ndiyo, mama."

"Na ule mstari. Uuchore kichwa chini kwanza, vile vile. Usije ukauchora sawasawa tangu mwanzo."

Alitoka akiwa hata hajui ameaga au hajaaga. Kwanza akampigia simu mama yake, ambaye alisikiliza yote, akauliza kama amekula. Kisha akarudi darasani, akampigia msimamizi wa ghala.

"Eh, dada," msimamizi akasema, "koti linakuja limekunjwa au limevaliwa?"

Madamu Friza alilitazama koti. Lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa ramani, kifungo kimoja kimeng'oka, na Bingwa alikuwa chini ya madawati akikitafuta.

"Haliji," akasema.