Moteri Iliyopumzika

Juzi, sokoni Kasongo, nilimwona fundi wa umeme akifungua kisanduku cha moteri ya kusagia. Harufu ya mpira uliopata moto ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni.

Moteri ya Papa Rashidi, msagaji wa mtaani kwetu, ilikuwa imezimika katikati ya kusaga muhogo wetu.

"Iko napumzika," alisema.

"Moteri inachoka kama mutu?" Mama alimuuliza kwa jicho la shaka.

Papa Rashidi alipogeuka, Mama akaingiza mkono ndani ya mashini, kutafuta unga aliodhani umefichwa humo. Papa Rashidi akaruka, akamvuta kwa nguvu hadi Mama akaanguka.

"Mwizi!" Mama alipiga kelele.

Kisanduku cha umeme cha ukutani kikalia tak, moteri ikanguruma yenyewe.

Niliamini ndani ya mashini mlikuwa na kiumbe kilichotaka vidole vya mama yangu. Leo najua ndani ya kisanduku kile kulikuwa na kifaa kinachokata umeme moteri ikizidi joto, na kuurudisha ikipoa.

Mama alijitwika unga wake bila kushukuru. Tulipofika nyumbani akaupima upya, kopo kwa kopo, kwa mkono uleule.