Barabara ya Gati, Kendu Bay

Ruqia alizaliwa kwenye barabara ya gati, Kendu Bay, na hajawahi kuuza mandazi yake mahali pengine. Zamani meli zilishusha hapo sukari na nguo, zikapakia pamba, na maduka ya Wahindi yalipangana hadi majini. Meli zilipokoma Wahindi walihama, akina babu yake wakayashika maduka. Sasa ziwa linayachukua moja moja. La jirani yake Dahir lilizama mwaka jana, na juu ya paa lake husimama korongo.

Kila asubuhi Ruqia hufagia kuanzia mlangoni pake hadi ukingo wa maji, na kila mwezi sehemu ya kufagia inapungua.

"Mama Ayesha, hama," Damaris, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alimwambia Ruqia akicheka. "Ama unangoja kiboko aje kununua mandazi?"

"Akija na pesa nitamuuzia. Maji haya yalikuja enzi za babu, yakafika kizingitini, yakarudi."

"Na safari hii yasiporudi?"

Ruqia aliingia ndani kuchota unga kwenye gunia lililoegemea ukuta wa nyuma, upande ulio mbali na ziwa. Juu unga ulikuwa mkavu. Mkono ulipozama zaidi ulikuta ubaridi, kisha kitu laini kikamnata vidoleni. Unga ulikuwa umejikanda wenyewe. Alilisogeza gunia, akaona maji yakipanda taratibu kwenye nyufa za sakafu, bila sauti.

"Damaris," aliita, "weka omena chini. Njoo tulitoe jiko."